Cheki isiyo na feza: namna wachuruzi wa Likasi walivyofuata mali yao tangu Jadotville hadi leo

Leo tunaongea juu ya karatasi ndogo ambayo imeangusha magazini mengi katika mji wetu: cheki.

Swali linajulikana. Mama mmoja ameuza mifuko 40 ya unga. Mnunuzi hana feza mkononi, anatoa cheki, anatia sahihi, anapakia mifuko kwenye gari. Mama anaenda banki, na banki inamrudishia karatasi yake. Afanye nini? Wengi wanajibu: akimbie polisi. Lakini historia ya mji wetu inafundisha kwamba kabla ya kukimbia popote, mama huyu anapaswa kuuliza swali moja: nani ameanguka? Ni yule aliyeandika cheki? Ni banki? Ao ni feza yenyewe? Kwetu Katanga cheki imekufa kwa njia hizi zote tatu, na kila kifo kina njia yake ya kutafuta mali. Mwenye kuchanganya njia hizo anapoteza mara mbili.

Karatasi ya kampuni na ya wenye magazini

Wakati Likasi iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa Union Minière, cheki haikuwa kitu cha mtu wa kambi. Mfanyakazi wa mgodi alipokea falanga mkononi pamoja na posho ya chakula. Mwanamke aliyeuza samaki wa Lac Tshangalele alitaka sarafu. Cheki ilitembea kati ya kampuni na wenye magazini ya mjini: Wagiriki, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Waitalia, Wareno, Wahindi. Banque du Congo Belge ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1909. Kazi kubwa za shaba na umeme, kama vile sentrali ya Mwadingusha iliyoanza mwaka wa 1930 na ile ya Koni yetu iliyoanza mwaka wa 1950, zililipwa kwa hesabu za banki, hazikulipwa kwa mifuko ya sarafu.

Katika masiku hayo cheki mbaya ilikuwa na maana moja tu: aliyeiandika hakuwa na feza za kutosha kwenye hesabu yake. Kwa ugonjwa huo sheria ilikuwa na dawa. Mwaka wa 1931 nchi nyingi zilipatana mjini Genève juu ya sheria moja ya cheki, na Congo ilipata dekreti yake ya cheki mwaka wa 1951. Mawazo makubwa ya mapatano ya Genève ni rahisi, na yanafaa kushikwa hata leo. Cheki inalipwa siku inapoonyeshwa, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake haijafika. Aliyeiandika ndiye mdhamini wa malipo, na hawezi kujiondoa kwa kuandika maneno ya kujikinga. Mwenye kuipokea anapaswa kuipeleka banki upesi, maana Genève waliweka siku 8 tu kwa cheki ya ndani ya nchi. Na banki ikikataa, kukataa huko kuthibitishwe kwa maandiko yenye tarehe.

Angalieni neno hilo la mwisho. Mchuruzi aliyerudi nyumbani na maneno ya mdomo, "kalaka ameniambia hakuna feza", hakuwa na kitu. Yule aliyerudi na karatasi ya banki inayosema imekataa siku gani na kwa sababu gani, huyo alikuwa na silaha mkononi.

Wakati feza zenyewe zilianza kugeuka

Kisha uhuru ukaja, na pamoja nao ugonjwa wa pili. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na mwaka wa 1961 ikatoa falanga zake yenyewe. Mwezi wa Januari 1963 kujitenga kukaisha, na falanga ya Katanga ikaondoshwa. Tarehe 24 Juni 1967 ikaja zaire, moja kwa falanga 1,000. Mwisho wa Desemba 1979 serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10, zilizokuwa kubwa kupita zote, hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache kuzirudisha banki. Wengi waliokuwa wameweka mali yao nyumbani katika noti hizo waliipoteza.

Tangu siku hiyo mtu wa soko alijua jambo ambalo sheria ya cheki haikuliandika: mwandishi anaweza kuwa mwaminifu, banki inaweza kuwa wazi, na bado uliyeuza ukabaki mikono mitupu, kwa sababu feza iliyoandikwa juu ya karatasi imekufa njiani.

Bei mbili kwa mfuko mmoja

Mambo yalizidi kuharibika kuanzia mwaka wa 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa Septemba mwaka huo. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilianguka hadi sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Mwaka wa 1991 uporaji ulianza Kinshasa mwezi wa Septemba, na mwezi wa Oktoba ukafika miji ya Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Magazini yalibaki kuta tu.

Ndipo banki zikakosa noti. Mtu alikuwa na feza kwenye hesabu, karatasi zake zilikuwa sawa, sahihi ilikuwa sawa, lakini ndani ya banki hakukuwa na noti za kumpa. Katika nchi nzima feza zikagawanyika kuwa mbili: feza ya mkononi na feza ya banki. Zaire 1 ya karatasi ilikuwa na nguvu kuliko zaire 1 ya cheki. Kitu kilekile kikawa na bei mbili, na bei ya cheki ilikuwa juu. Mwenye cheki aliyehitaji noti leo aliiuza kwa wabadilisha feza, akipoteza sehemu kubwa ya hesabu iliyoandikwa.

Nani alinunua cheki hizo? Alikuwa mtu aliyeweza kuitumia feza ya banki bila kuitoa kama noti: mwenye deni kwa banki ileile, ao kampuni yenye kulipa mwenzake kwa hesabu. Hapa kuna somo la kale ambalo bado ni zima. Ikiwa banki ndiyo imeanguka na mwandishi yuko salama, kumpeleka mwandishi parke kama mwizi si njia. Yeye hakudanganya. Njia ilikuwa kutafuta mtu ambaye karatasi ile bado ina kazi kwake, ao kurudi kwa mnunuzi na kumwambia: cheki yako haikunilipa, tupatane kwa njia nyingine, kwa mafuta, kwa saruji, kwa dola.

Na mchuruzi alikuwa na haki ya kurudi. Kupokea cheki si kulipwa. Deni la unga linabaki deni mpaka feza iingie mkononi ao kwenye hesabu. Wengi hawakujua hilo. Walifikiri kwamba siku walipokubali karatasi, mambo na mnunuzi yalikwisha, na kwamba sasa wanagombana na banki peke yake.

Hesabu ya kutisha

Tarehe 22 Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja kwa zaire za zamani milioni 3. Wakati wa kuanza, dola 1 ilikuwa zaire mpya 3. Mwisho wa mwaka wa 1994 dola 1 ilipita zaire mpya 3,000. Tupige hesabu pamoja. Mchuruzi aliyepokea cheki ya zaire mpya 3,000 mwezi wa Oktoba 1993 alikuwa ameuza mali ya dola 1,000. Kama banki ilikataa, kama alienda tribinali, kama alishinda na kulipwa hesabu ileile mwisho wa mwaka uliofuata, alirudi nyumbani na kiasi kisichofika dola 1. Alishinda kesi, akapoteza magazini.

Sababu ni kwamba sheria yetu ya mikataba, inayotoka mwaka wa 1888, inahesabu namba iliyoandikwa. Mwenye kukopa zaire 3,000 anarudisha zaire 3,000, hata kama sasa hazinunui mkate. Mwenye kuchelewa kulipa anaweza kudaiwa faida ya ucheleweshaji, lakini faida hiyo haikuweza kukimbia pamoja na bei za masiku yale. Ndiyo maana wachuruzi walianza kuandika madeni kwa dola. Waliona kwamba zaire inayeyuka kabla muamuzi hajafungua faili. Hata baada ya falanga ya Congo kurudi mwaka wa 1998, moja kwa zaire mpya 100,000, desturi hiyo ya dola haikuondoka. Inakaa nasi mpaka leo katika kodi ya nyumba na bei ya pikipiki.

Waliopanda treni na madeni yao

Katika miaka hiyohiyo mji wetu uliona jambo ambalo hatupaswi kulisahau. Kuanzia miezi ya Agosti na Septemba 1992 jamaa wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka wa 1993 Kolwezi pia. Maelfu walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengine kwa majuma na miezi, na wengi walikufa pale na njiani. Kati yao walikuwa kalaka, walimu, wafanyakazi wa Gécamines, na pia wachuruzi. Mchuruzi akikimbia, anaacha zaidi ya nyumba. Anaacha daftari la madeni, anaacha cheki ambazo hajapeleka banki, anaacha wanaomdai na anaowadai.

Kwa watu hao sheria ya cheki ilikuwa kali, maana saa ya cheki haingoji vita iishe. Katika mapatano ya Genève, haki ya kumfuata mwandishi kwa nguvu ya cheki inaisha kwa miezi 6. Mtu aliyefika Mwene-Ditu ao Mbuji-Mayi bila daftari, katika nchi ambayo Kasai ilikataa zaire mpya na kuendelea na noti za zamani, angeweza kudai wapi, na kwa feza gani? Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Stesheni ya Likasi ilionyesha kwamba methali hiyo inasema juu ya maisha ya mtu, si juu ya ukalaka tu.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu kuhama hakukuisha. Jamaa wa Mitwaba na Manono walikimbia vita vya Mai-Mai katika miaka ya 2000. Na mwisho wa Januari 2025, wakati Goma ilitekwa, banki za mji ule zilifunga milango, na watu wenye feza kwenye hesabu wakakosa za kununua chakula. Ugonjwa uleule wa 1991, katika mji mwingine.

Banki ikifa peke yake

Banki inaweza pia kuanguka bila vita. Mwaka wa 2016 BIAC, iliyokuwa moja ya banki kubwa za nchi, ilikosa feza za kuwapa wateja. Kutoa feza kuliwekewa mpaka, milolongo ikawa mirefu. Cheki ya BIAC iliyokuwa nzuri asubuhi ya mwaka uliotangulia ikawa karatasi ya kungojea.

Banki ikifungwa, mwenye hesabu anaandikisha dai lake kwa yule aliyewekwa kugawanya mali iliyobaki, na anangoja zamu. Lakini mchuruzi aliyeshika cheki ya mtu mwingine hahitaji kusimama katika mlolongo huo peke yake. Kama tulivyosema, deni la mali halijalipwa. Arudi kwa mnunuzi na karatasi ya kukataliwa. Mnunuzi ndiye atakayepambana na banki yake.

Sheria ya leo inasemaje

Turudi sasa kwa ugonjwa wa kwanza, ule wa mwandishi asiye na feza. Tarehe 12 Septemba 2012 Congo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Kati ya sheria zake kuna ile ya kufuatilia madeni, iliyopatanwa mwaka wa 1998 na kufanywa upya Kinshasa mwezi wa Oktoba 2023. Sheria hiyo ina njia fupi, amri ya kulipa, ile ambayo waavoka wanaita injonksio. Na sheria inataja wazi kwamba njia hiyo ni pia kwa mwenye cheki ambayo feza zake hazipo ao hazitoshi.

Njia inakwenda hivi. Kwanza, cheki inapelekwa banki bila kuchelewa, na kukataliwa kunachukuliwa kwa maandiko. Pili, karatasi za biashara zinawekwa pamoja: fakture, karatasi ya kupokea mali, ujumbe wa simu ambamo mnunuzi anakubali deni. Tatu, barua ya kudai inapelekwa, na ni vizuri ipitie mikononi mwa hisye, yaani mjumbe wa tribinali, ili mdaiwa asiseme hajaiona. Nne, mchuruzi anaandikia mkubwa wa tribinali ya biashara, na pale ambapo tribinali ya biashara haijafunguliwa, tribinali kubwa ya mahali. Muamuzi anaangalia karatasi bila kumwita mdaiwa. Akiona deni ni la kweli, hesabu yake inajulikana na muda wake umefika, anatoa amri. Hisye anaipeleka kwa mdaiwa. Mdaiwa akinyamaza mpaka siku zake za kupinga ziishe, amri inapata nguvu ya hukumu, na mali yake inaweza kushikwa. Akipinga, basi ni kesi ya kawaida mbele ya muamuzi. Amri yenyewe ina muda wa kupelekwa. Ikilala kwenye sanduku, inakufa.

Na polisi? Kutoa cheki isiyo na feza ni kosa kwa sheria ya adhabu, na malalamiko parke yana nafasi yake, hasa kwa mtu anayezunguka mji akitoa karatasi za uongo kwa magazini moja baada ya lingine. Lakini gereza halitoi unga. Na kuna mtego: wachuruzi wengi wanapokea cheki ya tarehe ya mbele kama dhamana, wakijua wazi kwamba siku ile hakuna feza kwenye hesabu. Mtu kama huyo akienda kusema ametapeliwa, swali la kwanza litakuwa: si ulijua? Dai lake la deni linabaki zima, lakini malalamiko yake ya kosa yanalegea. Tena, polisi si mlipishaji wa madeni. Mwenye kulipa polisi ili amfungie mdaiwa mara nyingi analipa mara ya pili kwa mali ileile.

Kwa jamaa waliohama

Ninyi mlio mbali na makwenu, mambo matatu yashikeni. Dai la amri ya kulipa linapelekwa kwenye tribinali ya mahali mdaiwa anapokaa, si mahali mnapokaa ninyi. Kwa hiyo kama mdaiwa amebaki Likasi, kesi ni ya Likasi. Hamlazimiki kurudi wenyewe: avoka, ao mtu mliyempa prokurasio iliyoandikwa vizuri, anaweza kusimama kwa jina lenu. Na hata kama muda wa cheki umepita, msitupe karatasi. Inaweza kuwa imepoteza nguvu yake ya cheki, lakini bado inashuhudia deni la mali, na deni hilo lina muda wake mrefu zaidi. Muonyesheni avoka kabla ya kukata tamaa. Pigeni picha za cheki, fakture na daftari, tumieni ndugu mnayemwamini ili naye ahifadhi.

Kwa mchuruzi aliye bado sokoni, historia ya mji huu inaomba kidogo tu. Cheki ikirudi, uliza nani ameanguka. Kama ni mwandishi, mfuate upesi kwa karatasi. Kama ni banki, rudi kwa mnunuzi. Kama ni feza yenyewe, hakuna muamuzi atakayekurudishia, na dawa ilikuwa katika siku ya kuuza: bei iliyohesabiwa vizuri, na mifuko isiyotoka magazini kabla ya banki kusema ndiyo.